Bonde la Mivule

Jirani mmoja pale Msuka alikuwa akichoma majani ya shamba lake, moto ukamponyoka. Watu kuja kushtuka, umeshaingia shamba la misaji la Muhannad.

Bi Rahila ndiye aliyekuwa msimamizi wa shamba hilo la mbao. Chini, penye kijito, palikuwa na bonde lisilopandwa msaji hata mmoja: mivule ya tangu na tangu, mipapindi iliyo kama minazi ya mwituni, na popo wa Pemba wanaolala wakining'inia juu kabisa. Miaka nenda miaka rudi Rahila alimbembeleza Muhannad asilifyeke, mpaka Muhannad akachoka akamwachia.

"Wote kwenye misaji!" Muhannad alipiga kelele.

"Na bondeni?"

"Misaji ndiyo inayotulisha, Bi Rahila. Bonde litaota lenyewe."

"Mpapindi ukiungua moyo hauoti tena, Muhannad!"

Wafanyakazi wakakimbilia juu. Rahila akashuka na nduguye, Silima, wakaupiga moto kwa matawi mabichi. Wakiuzima huku, unawaka kule. Popo waliruka mchana kweupe, majike wamekumbatia vitoto vifuani, wakizunguka moshini hawajui pa kwenda. Rahila aliokota kitoto kimoja kilichoanguka, kikamfia mkononi.

"Dada, tutoke! Tutakufa!" Silima alimvuta kwa nguvu.

Misaji ilinusurika. Wenzake Rahila walikuwa wakimshukuru Mungu kwa kuwa kazi zao zimesalimika, naye akaona haya kulia mbele yao.

Kesho yake Muhannad alisimama ukingoni mwa majivu. "Mvua zikija, tutapanda misaji huku."

"Nipe masika mamoja tu, mwanangu. Nakuomba."

Alimtazama mikono iliyofungwa vitambaa, akainamisha kichwa. "Haya. Mamoja."

Masika yakachelewa. Kila baada ya sala ya alfajiri Rahila alichota maji kwenye vidimbwi vya kijito, akamwagia mashina ya mivule, kisha akakwangua magome kwa kisu kutafuta ubichi. Yalikuwa makavu. Mipapindi ilianza kuanguka, mmoja mmoja, bila hata upepo. "Ya Rabbi," alisema, na dua ikamkatikia hapo.

Mvua zilipopita, mvule mmoja ulikuwa umechipua ubavuni. Muhannad alitimiza neno lake: akaamuru wauzungushie uzio, sehemu iliyobaki wachimbe mashimo ya misaji. Popo hawakurudi. Jioni Rahila hukaa karibu na uzio, ametazama juu, hali anajua hapana kitu.