Shuka Kwanza Kwenye Gari

Mwanangu, kuna siku moja hainitoki kichwani, siku tulipoileta dunia Musoma. Usicheke. Tulikuwa vijana wachache wa mtaa wa Mwisenge, tumesikia kwamba huko mbali mataifa hukutana kwenye maonyesho ya dunia, kila nchi na banda lake, tukaona hata sisi tunaweza. Tukapata wasusi wa mikeka kutoka Uganda, Wakenya na vinyago vyao vya mawe, Mhindi mmoja wa hapa hapa mjini aliyekubali kuwa India, na Mzungu fundi wa pampu ambaye hatukuwahi kukubaliana ni wa nchi gani. Bendera tulishona kwa mapazia. Hadi leo nikisikia harufu ya sato wa kukaanga, uwanja ule unanirudia wote, na turubai zake zikipigwa na upepo wa ziwa. Nimeukumbuka sana ujana ule.

Kazi yangu ilikuwa kutangaza, maana nilikuwa na sauti, na nilijua kwamba ninayo. Wageni walishatuambia wazi: siku ya kwanza uwanja ukiwa mtupu, wanafunga mizigo wanarudi kwao. Basi nikapewa pikapu, kipaza sauti na betri iliyochoka, nikasimama nyuma kama mheshimiwa. "Maonyesho ya dunia! Jumamosi, Musoma! Njooni wote!" Tulipitia Butiama, tukitaka kufika Bunda kabla soko halijatawanyika. Kipaza kilikuwa kinakwamakwama, maneno yanatoka nusu nusu, lakini mimi nilijiona nimefika. Debe tupu haliachi kuvuma.

Pale Butiama mzee mmoja, jina lake Magesa, alisimama mbele ya gari mpaka likasimama.

"We kijana, shuka kwanza utuelezee. Sisi hicho kidude tunasikiaga kinakoroma tu."

"Nawahi Bunda, baba. Njooni tu, mtaona wenyewe."

Akatupisha.

Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa mtupu kweli, na wale wa mikeka walishaanza kukunja. Ndipo tukasikia nyimbo kutoka barabarani. Watu wa Butiama wanakuja, wengi, wamevaa nguo nyeupe, ngoma mbele, Biblia kwapani. Nilifurahi nikakimbia kuwapokea, mpaka mmoja aliponiuliza mhubiri yuko wapi. Kumbe betri yangu ilikuwa imemeza kipande cha neno. Wao walisikia "maonyo ya dunia", wakajua ni mkutano wa injili.

Nyuma yao kabisa alikuja Mzee Magesa, anasukuma baiskeli, na juu ya keria amekaa mkewe, Mama Nyangeta, ambaye mguu ulimsumbua miaka mingi. Alikuwa amemleta aombewe.

Mzee alizitazama zile bendera za mapazia, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama yako huyu hatokagi nyumbani. Jana nimemwambia, kesho utaombewa mguu. Sasa nikamwambie nini? Mimi si nilikwambia shuka?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi lilikuwa zima. Aliyeumia ni mwingine.

Wale watu hawakurudi. Walimzunguka Mama Nyangeta pale pale katikati ya mabanda, wakaimba na kumwombea wao wenyewe. Nyimbo zile ziliwatoa watu Mwisenge nzima, uwanja ukajaa, wageni wakafungua tena mizigo. Wenzangu wakanisifu eti nimeleta kwaya. Sifa ile ilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jioni niliwarudisha mzee na mkewe Butiama kwa ile pikapu, mama mbele, mimi nyuma na baiskeli. Tulipofika kwao nikashuka, nikaketi kizingitini, nikamweleza Mama Nyangeta banda moja moja: mikeka, vinyago, pampu, hata yule Mhindi wa kwetu. Bila kipaza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Ungenielezeaga hivi tangu mwanzo, mwanangu, ningekuja kutazama. Mimi nimeshinda pale nimefumba macho nikiombewa."

Mguu wake haukupona, na maonyesho hatukuyafanya tena. Na dunia ile niliyoileta Musoma, yeye hakuiona.

Sasa nyinyi mnatangaza kwa simu, na neno linafika Bunda kabla hujapumua. Ni vizuri, nawaonea wivu. Lakini nakusihi, mwanangu: usitosheke na ulichosema, uliza mwenzako amesikia nini. Na mtu akikwambia shuka, hata kama unawahi, hata kama nguo zake zina vumbi na anakuchelewesha, shuka. Soko la Bunda nililokuwa naliwahi, nililikuta limeshatawanyika.

Mungu akupe sauti ya kufika mbali, mwanangu, na akuachie miguu ya kushukia.