Nusu ya Mama Mkubwa

Mwaka ule wa kumuuguza mama ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuchoka hata akiwa usingizini.

Kiharusi kilimwacha na mkono wa kushoto usioshika kitu, nikamchukua nikamleta kwangu Kiseke. Daktari aliniita pembeni akaniambia wazi kwamba presha isiposhuka, kiharusi cha pili kitaondoka naye. Akamwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Basi nikawa askari wa vidonge. Kabla ya kwenda kazini nasimama mbele yake na kikombe cha maji, naye ananikunjia uso. Alidai kidonge kizima kinamkwama kooni, nikawa nakikata kwa kisu cha vitunguu. Nusu anameza nikiona. Nusu nyingine anasema ataimezea uji, nami nimeshachelewa, natoka mbio.

Kila tukirudi kliniki, presha iko palepale. Tunaamka alfajiri, tunashinda kwenye benchi, halafu nesi ananitazama kana kwamba mama namnyima dawa. Siku hizo niliwajibu watu vibaya, hata wale waliouliza mgonjwa anaendeleaje. Mwishowe daktari akamwandikia vidonge vyenye nguvu zaidi. Mama, ambaye hajawahi kufurahia chochote hospitalini, alitabasamu njia nzima.

Sababu niliijua Jumamosi. Dada yake mkubwa alikuja kutoka Buhongwa na viazi vyake, kama kawaida. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, wao wamekaa kivulini. Nikainua macho nikamwona mama anafungua fundo la khanga kwa meno, anammiminia dada yake kiganjani vipande vya vidonge. Vile vile nilivyovikata mimi.

"Safari hii ni vikali," akamwambia. "Nusu inatutosha kila mtu."

Niliacha nguo kwenye povu. "Mama! Unataka kufa?"

"Usinipigie kelele. Dada yangu anaumwa kichwa kama changu. Tangu lini nikala mimi, yeye akanitazama?"

"Lakini hiki si chakula!"

"Kinaingia mdomoni," akasema.

Hao wawili walikua wakila sahani moja, na baba yao alikuwa akimchapa aliyeanza bila mwenzake. Ningebishana na nani? Mama mkubwa alibaki ameshika vile vipande, hajui aviweke wapi.

"Mwanangu, mimi nilidhani wewe ndiye unayenigawia," akasema taratibu. "Nimekuwa nikikuombea."

Hasira iliniishia palepale, nikabaki na uchovu tu.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikawapeleka wote wawili. Mama mkubwa alikutwa na presha kweli, na sukari juu yake, ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Akaandikiwa dawa zake mwenyewe, tofauti na za mama. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba zile nusu hazikuwa zikimponya yeyote kati yao. Walimsikiliza wameinamisha vichwa, na mama akakubali kumeza kizima.

Presha yake ikaanza kushuka. Ilishuka polepole mno, nami vipimo nilikuwa nimeacha kuviamini. Niliamini asubuhi moja nilipomkuta anajifunga kilemba mwenyewe, mkono wa kushoto umeshika ncha ya kitambaa na haukiachii. Nilikaa mlangoni nikalia. Kidonge chenyewe hata punje ya mahindi hakifikii.

Kliniki iliyofuata, nesi aliniona nikijisugua shingo, akanifunga na mimi kile kitambaa cha mashine ya presha, mama akitazama. Akapima. Akapima tena. Presha yangu ilikuwa juu kuliko ya mama, na daktari alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo nikaambiwa nirudi kesho. Njiani nilichokuwa nawaza ni lile benchi, na kwamba sasa nitalikalia kwa ajili yangu mwenyewe, maisha yangu yote.

Nyumbani nikajitupa kwenye kochi na viatu vyangu. Mama akapita kwenda jikoni, nikasikia anapekua vyombo. Akarudi akasimama mbele yangu. Mkono wa kulia ulikuwa na pakiti ya vidonge vyake, na ule wa kushoto ulikuwa umekamata kisu cha vitunguu.