Dirisha la Upande wa Mlima

Miaka michache baada ya Uhuru, chama chetu cha kahawa cha Mukurweini kilinituma Addis Ababa nikajifunze jinsi wenzetu wanavyoosha kahawa. Mama akaniongezea kazi yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemzibia Mlima Kenya, makao ya Mungu, ambao aliuelekea kila asubuhi akiomba.

"Ndege itapita karibu nao," akasema. "Uniangalilie, uje uniambie ukoje." Kisha akapapasa kofia yangu mpya, akaguna. "Na hii ni ya nini?"

Uwanja wa ndege Nairobi, niliwapita abiria wote mbio. Kwenye basi la Nyeri, dirisha ni la aliyewahi. Nilikuwa nimeshakaa nikanyoosha miguu, mama mmoja aliponisimamia na kadi yake mkononi. "Hapa ni kwangu. Yako imeandikwa C."

Nilipigwa na butwaa. Ati kiti kina mwenyewe hata kabla hajafika! Nikahamia C, kando ya njia. Mlima ulipotokea upande wa kulia, mimi niliona visogo vya watu tu.

Addis Ababa, mwenyeji wangu, aliyewahi kufanya kazi Nairobi, alicheka mpaka akafuta macho. Akapanga vijiko sita mezani: A na F ni madirisha, C na D zinapakana na njia, B na E zimebanwa katikati. Usiku ule nililala kwa furaha. Mlima niliukosa upande wa F, basi nitarudi na F.

Siku ya kurudi nikaiomba, nikaipata. Nikabandika uso kwenye kioo. Tulipokaribia kwetu, abiria wa upande wa A wakapiga kelele za mshangao. Upande wangu palikuwa na milima ya Nyandarua peke yake. Moyo ulinipasuka. Mlima umehamaje?

"Mlima haijahama, ndege ndiyo imegeuka!" akasema mwanamume wa kiti cha A, mkulima wa ngano. "Kuja ukae hapa. Mimi natoka Timau, hii naionanga kila siku."

Hata ng'ombe wa mama anajua kwamba kinachokuwa kulia akienda mtoni huwa kushoto akirudi. Mimi sikujua.

Nilichokiona kilinitisha. Barafu, vilele vyeusi, kiziwa cha kijani, vyote chini yangu. Mlima niliouinulia shingo tangu utoto, leo nauinamia!

Mukurweini, mama alisikiliza yote mkono ukiwa kifuani. Nilipomaliza, akanigeuzia uso.

"Ulikuwa juu yake?"

"Ndiyo, Maitu."

"Na kofia ulitoa?"

Nikapeleka mkono kichwani. Ilikuwa bado hapo.

Siku hizi nikienda kaskazini naomba F, nikirudi naomba A, na kofia naiweka magotini.