Nilimrudishia Jirani Sahani Tupu

Mjinga ni mimi. Msinitafutie shetani wa kumsingizia, maana hata yeye angeona haya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Woolwich, hapa hapa London. Mimi ni Mkenya wa bara. Kazi yangu ni kulea wazee, na Jumapili niko kwaya, sauti ya kwanza, ile inayosikika hata msipotaka.

Jirani yangu mlango kwa mlango alikuwa Mwanaisha, Mwislamu wa Mombasa. Nikiwa shifti, wanangu walikula kwake. Idd alituletea sahani ya pilau, Krismasi nami nikampelekea chapati na kuku. Ni yeye aliyenifundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, utatia hata sukari.

Basi akatokea Mzungu mmoja sokoni, suti safi, kifuani beji ya msalaba wenye rangi za bendera. Alikuwa akihubiri kwamba nchi hii ni ya Kristo na Waislamu wanaipora. Nikasogea. Akaniambia sisi Waafrika ndio tutakaowarudishia imani yao.

Jamani! Mimi ninayeshinda nikibadilisha wazee nguo bila kuulizwa jina, leo nitaokoa Uingereza! Kichwa kilivimba mpaka kofia ya kanisani ikanibana.

Nikamwendea mchungaji wetu, Mkongo, nikamtaka atangaze kanisani maandamano waliyokuwa wakiyaandaa yule Mzungu na wenzake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "wale watu walitufukuza kwetu Kongo, nao walianzaka na maombi."

Akakataa. Nami nikaamua moyoni kwamba mchungaji amepoa. Mtu aliyekimbia vita, akapanga foleni Croydon kuomba hifadhi, eti mimi ndiye niliyeijua dunia kumshinda!

Idd ikafika, na pilau ya Mwanaisha ikaja. Wanangu wakala, mimi nikasusa, ingawa harufu ilinitesa. Kisha nikaiosha sahani, nikaifuta, nikampelekea hivyo hivyo.

Akaitazama. "Mama Brian, hata sukari huna?"

"Mwanaisha, hii nchi ni ya Wakristo. Ni vizuri mjue hivyo."

Alifunga mlango polepole, na mimi nikarudi kwangu nikijipongeza kwa ushujaa.

Siku ya maandamano nikapewa heshima ya kubeba msalaba mbele. Ulikuwa mzito, acheni tu! Baridi nayo ilikuwa kali, nikavaa glavu zangu nyeupe za kwaya. Mabega yaliwaka moto, lakini kila nilipoona kamera nilitabasamu.

Gazeti lao dogo lilipotoka nikalikimbilia. Ukurasa wa kwanza, msalaba ule ule. Mimi sipo! Walikuwa wamenikata kwenye picha, nikabaki mkono mmoja ndani ya glavu nyeupe. Chini yake waliandika kwamba nchi irudi kwa wenyewe na wageni wote waende kwao. Wote. Hapakuwa na mstari wa kuwabakiza wanakwaya.

Nikamtafuta yule Mzungu, nikamuuliza: na mimi niliyebatizwa je? Akanishika bega kwa upole, akasema nchi yangu nayo inahitaji Wakristo wazuri kama mimi.

Kwenye basi nilicheka peke yangu mpaka watu wakahama viti. Nilipofika nyumbani nikalia. Niliona aibu, na zaidi nilimkumbuka Mwanaisha.

Mchungaji hakuniambia "nilikuonya". Aliniuliza tu kama nimeshamwomba jirani radhi. Ramadhani iliyofuata, Waislamu wa mtaa wetu walinyimwa ukumbi kwa kelele za watu kama mimi, naye akawafungulia ukumbi wa kanisa wafuturie humo. Mimi nilipanga viti, nikaosha sufuria. Kelele zangu hazikuhitajika.

Krismasi nikabisha kwa Mwanaisha na sahani ya chapati. Nikamwomba msamaha palepale mlangoni, huku nalia.

"Nimekusamehe," akasema, akaipokea.

Kesho yake sahani ikarudi imejaa visheti. Aliyeileta alikuwa binti yake, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru.

Tangu hapo sahani zinakwenda na kurudi kila sikukuu, na hakuna iliyorudi tupu. Ila Mwanaisha mwenyewe hajakanyaga kwangu tena. Zamani alikuwa akiingia bila kungoja kukaribishwa, anafunua sufuria, ananicheka kwa mchuzi wangu wa maji.

Ndugu zangu waumini, mtu akikukabidhi msalaba uubebe barabarani, muulize kwanza anataka umwendee nani nao. Akikuonyesha mlango wa jirani yako, mrudishie msalaba wake, uende kwa jirani na sahani. Mimi sikuuliza. Mpaka leo nikisikia hodi siku ya Idd natupa mwiko, nakimbilia mlango nikidhani ni yeye. Nikifungua, ni binti yake, na sahani iliyojaa.