Bwawa Juu ya Jiko la Mama Bukuru

Nakumbuka asubuhi ile kwa mlio wake, mwanangu. Nguzo ya mlingoti, yaani mkaratusi, ililia kama mtu anayesaga meno usingizini.

Kaka yangu Yusufu, mwenye duka hapa Kasulu, alitaka watoto wa mtaa wapate pa kuogelea likizo ile. Bwawa tukalisimamisha juu ya ardhi: nguzo za mlingoti, mabati ya kuezekea yakawa ukuta, turubai ndani. Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Badala ya kuchonga upande wa juu, tulijaza udongo mwekundu upande wa chini, tukaukanyaga huku tunaimba. Hatua chache chini yake lilikuwa jiko la jirani yetu, Mama Bukuru.

Likiwa tupu lilipendeza. Tukafungulia mpira wa maji jioni. Asubuhi ukuta wa chini ulikuwa umefura.

"Limeshiba tu," Yusufu akacheka. "Mabati haya yanabeba masika yote ya Kasulu!"

Baba akaweka kiganja kwenye bati. "Mvua hupita juu ya bati, Yusufu. Haya maji yamekaa. Nani yuko kule chini?"

Moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni.

Nikakimbia. Mama Bukuru alikuwa anasonga ugali, mtoto mgongoni.

"Mama Bukuru, toka!"

"We binti, ugali wangu nauacha na nani?"

Nikamvuta kwa kitenge chake. Hatujafika kwenye migomba, udongo uliolowa ukaachia nguzo. Maji yaliingia jikoni, yakabeba sufuria, yakang'oa mafiga. Mama Bukuru alitazama pale alipokuwa ameketi, kisha akampapasa mtoto mgongoni, tena na tena.

Nasikia unaulizia bei ya turubai la bwawa, mwanangu. Bati la paa si ukuta wa bwawa. Tafuta chuma kilichotengenezwa kushika maji, chenye mikanda ya kukizunguka. Turubai la kuanikia maharage liache shambani. Chonga mpaka ukute ardhi ngumu, usijaze. Lakini kabla hujanunua chochote, shuka kwa jirani, simama mlangoni pake, utazame juu pale bwawa litakapokaa. Ukiona hofu, bado hujachagua mahali pake.

Mungu akupe maji yanayokaa ulipoyaweka, na jirani anayelala bila kuyasikiliza.