Nani Aliyelishona Shati?

Nakumbuka asubuhi niliyotoka Jangwani bila mpango, maji ya mvua yamenifukuza chumbani, sijui nitalala wapi. Shule niliiacha darasa la sita, mwanangu, lakini masikio hayakuiacha. Ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa, Kariakoo ikajaa bidhaa na wageni, nami Kiingereza nilikiokota mitaani kama kuni: kijiti hiki, kijiti kile.

Nilivaa shati la vipande vya khanga. Bi Mwanaidi, fundi wa Ilala, alinishonea kwa kuwa nilimbebea cherehani yake ilipoharibika. Pale Mnazi Mmoja mama wa Kizungu akalipenda, akauliza limetoka wapi. Nikajibu kifua mbele, "I sewed it," yaani nimelishona. Si ndivyo tusemavyo? Mtu hajagusa hata tofali, anasema nimejenga.

Mama akataka mashati thelathini ya duka lake, ila kwanza aione kazi yangu. Nikampeleka kwa Bwana Kanti, Mhindi mzaliwa wa Kariakoo, muuza vitambaa, nikidhani kuviona vitambaa kutamtosha. Barazani kwake palikuwa na cherehani. Mama akavuta kiti: kaa, shona.

Hata kutunga uzi sikujua. Uso wa mama ukabadilika, akageuka kuondoka, na kazi ya Bi Mwanaidi inaondoka naye.

"Mzee, niokoe!" nikamlilia Bwana Kanti.

"Salamu umeila?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kashona?"

"Bi Mwanaidi wa Ilala."

"Sasa si umwambie!"

Nikamkimbilia yule mama. "I made her sew it!"

Kanti alicheka mpaka akashika meza. "Ulimtolea panga? Hiyo 'make' ni kulazimisha, bwana wee! Kwa fundi unasema 'I had it sewn'. Kiswahili ukisema nimeshonesha, yamekwisha. Kiingereza kinakuuliza: ulilazimisha, uliagiza, au uliruhusu tu?"

Nikarudia polepole, na jina la fundi nikaliweka mwishoni. Mama akasimama. Akatabasamu. Tukaenda Ilala kwa miguu.

Bi Mwanaidi alipokea kazi, kisha akasikiliza kisa changu chote, pini mdomoni. "Kumbe ulikuwa fundi wa mdomo!" akasema. Jioni akanionyesha chumba cha uani. "Kaa humu. Niletee wateja, lakini jina langu usilimeze tena." Nikatandika mkeka wangu.

Tangu siku hiyo nimehama miji mingi, na vitenzi hivyo sijavikosea tena. Nawe, mwanangu, unapojifunza lugha ya watu, usikariri maneno matupu. Kila kitenzi kiulize: mkono uliofanya kazi ni wa nani, na uliufikia kwa nguvu, kwa ombi, au kwa ruhusa? Kuuliza si ujinga. Na kwa lugha yoyote utakayosema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mungu akupe mikono ya kukufaa njiani, na ulimi usioisahau. Popote utakapofika, ukute chumba cha uani kiko wazi.