Nilivyomtafsiri Mama Mkubwa

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, akanichukua nikaishi naye Mlingotini. Alikuwa mkulima wa mwani. Sare zangu, madaftari, hata godoro nililokwenda nalo chuoni, vyote vilitokana na mwani alioufunga kambani huku maji yakimfika magotini. Nayasema haya mapema ili ajulikane ni nani huyu niliyemfanyia nililomfanyia.

Nilikuwa mwaka wa pili pale chuo kilipoandaa kongamano la mawazo katika hoteli moja ya ufukweni, Bagamoyo. Wasomi na wanafunzi wa nchi mbalimbali wangekuja kubuni njia mpya za kutatua matatizo ya dunia: njaa, maji, joto. Mhadhiri aliyelisimamia akaniita ofisini kwake.

"Wewe si mtu wa pwani ile?"

"Ndiyo, Dokta."

"Nitafutie mkulima wa mwani aje aeleze jinsi bahari ilivyobadilika. Wewe utamtafsiria." Kisha, nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango, akaongeza, "Mambo yakienda vizuri, ile barua ya kukuombea masomo ya nje nitaiandika kwa mkono wangu."

Nikampigia simu mama mkubwa. Akauliza, "Wanataka kunisikia, au wanataka kuniona tu?"

"Wanataka kukusikia, mama."

Basi akajiandaa. Wiki nzima alikuwa akikutana na wanawake wenzake wa kikundi, wakishauriana aseme nini. Mwani wa karibu na ufuko ulikuwa ukifa. Maji yakipata moto unageuka mweupe, unalegea, unakatika kambani. Walikuwa wamejaribu kupanda mbele zaidi, kwenye maji ya kina, na huko ulistawi. Lakini karibu wote hawakujua kuogelea, na mashua zilikuwa za wanaume, ambao walikuwa na safari zao. Wakakubaliana kuomba mambo mawili: mtu wa kuwafundisha kuogelea, na mashua moja iwe yao wenyewe.

"La kuogelea usije ukalisahau," alinisisitiza asubuhi ile, akiwa amejifunga khanga yake ya Idi. "Watu wazima kama sisi tukisema tunataka kuogelea, watadhani tunafanya masihara. Waeleze vizuri."

Ukumbini alikaa mbele, mikono mapajani, akitetemeka kwa ubaridi wa kiyoyozi. Kabla hajapewa nafasi, kundi la wanafunzi lililoshindania tuzo ya kongamano lilionyesha ubunifu wao kwenye pazia kubwa. Ilikuwa programu ya simu ya kumjulisha mkulima kwamba bahari imepata joto. Waliieleza kwa furaha, na picha zilikuwa nzuri. Mgeni mmoja kati ya waamuzi akamgeukia mama mkubwa, akamuuliza kupitia kwangu kama kitu hicho kingemsaidia.

Alisikiliza hadi nikamaliza. Akanisogelea sikioni, akaninong'oneza taratibu, ili nisipitwe na neno:

"Mwanangu, waambie hivi. Bahari ikiwa ya moto sisi tunaijua kwa miguu. Tunaijua kabla ya hao wenye simu. Tunachokosa ni kuyafikia maji ya baridi na kurudi salama. Watufundishe kuogelea, watupatie mashua. Na waambie pia kuna wengine walishakuja kabla yao, wakatupiga picha, wakaenda zao. Hatujawaona tena."

Nikainua kipaza sauti. Mhadhiri alikuwa safu ya kwanza, ameuma kalamu, ananitazama. Wale wanafunzi walikuwa bado wamesimama jukwaani wakitabasamu. Nikasema kwa Kiingereza: anawashukuru sana. Anasema wanawake wa kijijini kwake hawana habari za bahari, na simu hii ndiyo waliyokuwa wakiingojea.

Hakuna aliyenilazimisha. Nimelitafuta neno la kujitetea miaka yote hii, sijalipata.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mkubwa akawatazama, kisha akaniinamia tena. "Mbona wanashangilia? Umewaambia la kuogelea?"

"Nimewaambia."

Wakati wa chakula cha mchana mhadhiri alikuja mezani kwetu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Umetufurahisha mno. Hawa vijana wamepata moyo. Kusema kwamba simu hii ndiyo mliyokuwa mkiingojea, kwa kweli umelitendea haki kongamano letu!"

Mama mkubwa akaacha kijiko. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye, na mimi nikautazama wali. Nilijua kwamba neno lake moja tu lingetosha, na kwamba alikuwa na haki nalo.

"Ee, baba," akamjibu. "Ndivyo nilivyosema."

Mhadhiri akacheka kwa furaha, akaenda meza nyingine. Mama mkubwa hakula tena. Nilipotaka kumsindikiza kituoni alinizuia kwa kiganja.

"Nimekusitiri kwa sababu mwana haumbuliwi mbele za watu. Lakini wenzangu wananisubiri kijijini. Nikifika nikawaambie nini?"

Akaondoka peke yake.

Programu ile ilipata nafasi ya kwanza. Baadaye wanawake wa kikundi waliletewa simu tatu kijijini, wakapigwa picha nazo, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mimi nilipata barua yangu, nikasafiri. Nikiwa huko nilisikia kwamba kikundi kimevunjika, na mama mkubwa amehamia Zinga, anauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara.

Niliporudi niliajiriwa kwenye chuo kilekile. Kongamano lilipoandaliwa tena, nikaalikwa kuzungumza, na nikaamua kutubu. Nilisimulia yote, neno alilolisema na neno nililolisema mimi. Watu wakasimama wakanipigia makofi. Mwanamke mmoja alikuwa akijifuta machozi. Mhadhiri wangu wa zamani, sasa profesa, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Huo ndio ujasiri. Tuandikie, tuiweke kwenye kitabu cha kongamano."

Kesho yake nilikwenda Zinga, nimejaa habari hiyo kana kwamba namletea zawadi. Alikuwa akimenya mihogo. Akanisikiliza bila kuacha kisu.

"Uliwaambia kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, mama."

"Na wakapiga makofi."

"Ndiyo."

"Basi ni yaleyale."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeuomba radhi ukumbi mzima, na yeye sijamwomba hata siku moja. Nikachutama mbele yake, nikamwomba kwa Kiswahili alichonilea nacho. Akanisikiliza.

"Nimesikia," akasema.

Akaja mteja, akamfungia mihogo, akamnyunyizia chumvi na pilipili. Nilikaa pale hadi adhana ya alasiri. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha ndani.

Ninakwenda bado, mara moja kwa mwezi. Nikimwamkia huitikia, hunisimulia nani amefariki na nani ameoa. Habari za bahari hazitaji. Samahani yangu nayo hajaijibu, na mimi siwezi kumwomba aseme zaidi ya alichokwisha kusema.